Kipa Akirudi Nyumbani

Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba na Yanga, mwisho wa reli. Kabla ya mapumziko kiungo wa Yanga, Mukoko Tonombe kutoka Kongo, akaonyeshwa kadi nyekundu. Wenzake wakacheza kipindi cha pili wakiwa kumi, na zilipobaki kama dakika kumi Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee la mchezo. Kombe likaenda Msimbazi, lawama zikamwendea Mukoko.

Sisi tunaofanya kazi ya unasihi, swali letu huanza pale kipenga cha mwisho kinapolia. Mtu wa namna ile anarudi kwa nani? Na huyo anayempokea amwambie nini?

Kwa Kigoma swali hili limesogea karibu zaidi tangu mwaka 2023, timu yetu ya Mashujaa ilipoiondoa Mbeya City kwenye mechi za mchujo na kupanda Ligi Kuu. Sasa wachezaji wa ligi kubwa ni majirani zetu. Anayekosa penalti leo, kesho yuko Kibirizi ananunua migebuka, na muuza samaki ana neno la kumwambia. Mkewe naye ana foleni ya bomba, saluni na kundi la WhatsApp la wazazi wa shule.

Kwa nini maneno huuma kiasi hicho? Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi za saikolojia, wakaona jambo moja likijirudia karibu kila mahali: baya lina nguvu kuliko zuri. Akili ya binadamu hulishika tusi na kuiacha sifa ipite. Kipa ndiye anayelijua hili kuliko wote. Mshambuliaji akikosa nafasi tano na kufunga moja, anabebwa juu juu. Kipa akiokoa tano na kufungwa moja, kosa lake linaandikwa kwenye ubao wa matokeo ili kila mtu alisome.

Namfikiria Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma aliyezaliwa mwaka 1985, aliyelinda lango la Simba kwa miaka mingi na la Yanga pia. Tarehe 21 Desemba 2013, akiwa amerejea Yanga wiki chache tu kabla, timu yake ilifungwa na Simba 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, na sehemu kubwa ya lawama ikatua mabegani mwake. Kwetu, kosa la mtu aliyevuka kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga haliitwi kosa, huitwa kuuza mechi. Ya ndani ya nyumba yake ni yake na familia yake, siyagusi. Lakini nyumba za namna hiyo nazifahamu.

Chukulia nyumba moja ya Mwanga, Jumapili usiku. Baba Zuhura, kipa, amefungwa bao la kizembe, mpira umempita katikati ya miguu. Anaingia, anaweka begi nyuma ya mlango. Mama Zuhura ameiangalia mechi yote, na mpira anaujua, ameishi nao miaka minane. Linalomjia mdomoni ni hili: “Baba Zuhura, mbona hukuulalia?”

Swali hilo limetoka kwenye upendo, na kiufundi huenda ni swali sahihi. Lakini kocha amekwisha kumuuliza. Mtangazaji amekwisha kuuliza mbele ya nchi nzima. Bodaboda aliyemleta nyumbani ameuliza njia nzima. Mama Zuhura akiuliza naye, mlango wa nyumba unakuwa lango jingine la kufungwa.

Carolyn Cutrona na Daniel Russell, wanasaikolojia wa Marekani, walilieleza hili mwaka 1990. Tatizo ambalo mtu bado analimudu huhitaji ushauri na msaada wa vitendo. Tatizo lililokwisha kumtoka mikononi huhitaji faraja. Bao limeshaingia, halirudi. Mazoezi ya Jumanne yako mbele, hayo yanaweza kuzungumzwa, ila Jumanne. Kwa usiku ule Kiswahili kimetupa neno ambalo lugha nyingi hazina, neno lisilouliza wala kuhukumu: “Pole, Baba Zuhura. Maji yako bafuni.”

Wavuvi wetu wa dagaa wanalielewa hili la wakati kuliko wataalamu. Mbalamwezi ikiwaka juu ya ziwa, taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo hubaki nchi kavu, wakishona nyavu na kungoja giza. Lawama zikiwa bado zinawaka nje, ushauri wako hauvuti kitu. Ngoja siku mbili tatu.

Sasa nije kwenye utafiti ambao mimi huwasimulia wanandoa mara nyingi kuliko wowote. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha matokeo kutoka kwa wapenzi wanaoishi pamoja huko New York, ambapo mmoja wao alikuwa anajiandaa na mtihani mgumu wa uwakili. Kila siku kila mmoja aliandika peke yake: leo nimempa mwenzangu msaada, au leo nimepewa. Majibu yalishangaza. Mtahiniwa alipotambua kuwa amesaidiwa, mara nyingi mfadhaiko wake haukupungua, na pengine uliongezeka. Zilizomwendea vizuri ni zile siku ambazo mwenzake aliandika kuwa amesaidia, naye mtahiniwa hakuona msaada wowote.

Sababu inaeleweka ukiifikiria. Msaada unaoonekana hubeba ujumbe wa pili chini yake: nimekuona umeanguka. Mtu ambaye siku nzima ameambiwa kuwa ameanguka hahitaji kuambiwa tena, hata kwa upole.

Kwa nyumba ya Mwanga maana yake ni vitu vidogo visivyotangazwa. Shemeji anayependa kuja kuchambua mechi anapigiwa simu mapema na kuombwa aje wiki ijayo. Runinga inahamia kwenye tamthilia kabla kipindi cha michezo hakijaanza. Zuhura, ambaye shuleni ataimbiwa wimbo wa tobo, anaandaliwa na mama yake asubuhi kabla hajatoka: watu wakimsema baba, wewe cheza, jioni utanisimulia. Ugali wa muhogo unapikwa, na kuhe wa mawese, kama Jumapili yoyote ile. Usimpikie karamu ya msiba. Na usimwambie baadaye orodha ya uliyomfanyia.

Wako wanaoniambia kuwa wao hawana maneno, wakikaa karibu na mwenza aliyeumia wanabaki kimya tu. Hao mimi huwaeleza jaribio la James Coan na wenzake, lililochapishwa mwaka 2006. Wanawake 16 walioolewa waliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaambiwa wanaweza kupigwa na shoti ndogo ya umeme. Waliposhika mkono wa mume, ubongo wao ulitulia kuliko walipokuwa peke yao au walipomshika mtu wasiyemjua, na kadiri ndoa ilivyokuwa nzuri ndivyo utulivu ulivyoongezeka. Hakuna aliyesema neno.

Lipo jambo ambalo wataalamu wa nje hawaliandiki mara nyingi, maana pengine halipo kwao kama lilivyo kwetu. Kiwango cha mchezaji kikishuka, kijiwe humtafuta mke. “Tangu aoe ameisha.” “Yule mwanamke ana gundu.” Mwanamke ambaye hajawahi kugusa mpira anabebeshwa mabao. Mzigo huu ni mzito kwa sababu wakati mwingine unaingia mpaka kwa mawifi na wakwe, na kwa sababu yeye tayari amekwisha kuubeba wa mumewe: mfadhaiko huvuka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine chini ya paa moja, hilo limechunguzwa na kuthibitika. Kwa hiyo namwambia kila mke wa mchezaji awe na mtu wake mmoja, dada, shoga wa zamani au mnasihi, asiyekuwa shabiki. Na mume asikae kimya mama yake au dada yake anapotamka neno gundu. Hapo ndipo zamu yake ya kumlinda mkewe inapoanza.

Kuwajibu watukanaji mitandaoni sishauri. Tuliliona katika mvutano wa mkataba kati ya Feisal Salum na Yanga, uliokwisha Juni 2023 kwa mchezaji kuhamia Azam. Mama yake alizungumza hadharani kumtetea, na uchungu wake ulikuwa wa kweli, lakini maneno yake kuhusu ugali na sukari yakageuzwa utani wa vijiwe nchi nzima. Umma hauna sikio la familia. Simu izimwe, au akaunti ishikwe na mtu mwingine kwa wiki moja.

Mchezaji akiwa mke, yote haya yanamhusu mume vilevile, pamoja na onyo moja. Kumlinda mke kunaweza kugeuka kumtawala. Oktoba 2021 Agnes Tirop wa Kenya, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee mwezi mmoja tu kabla, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa, akakana shtaka. Wakimbiaji wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Mume anayeshika simu, mkataba na akaunti ya benki ya mkewe kwa kisingizio cha kumpunguzia presha hamsaidii. Mke akae na vitu vyake mwenyewe.

Turudi kwa Kaseja. Septemba 2019 Taifa Stars walikutana na Burundi kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza ilichezwa Bujumbura, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili letu, ikaisha 1-1. Kocha Etienne Ndayiragije, mwenyewe Mrundi, alikuwa amemrudisha kipa wa Kigoma kwenye kikosi baada ya miaka kadhaa. Tarehe 8 Septemba, Dar es Salaam, ikawa 1-1 tena, na kwenye penalti Tanzania ikashinda 3-0. Langoni alisimama Kaseja, mwenye umri wa miaka 34. Vijiwe vilimwimba. Kati ya Desemba 2013 na usiku ule ni karibu miaka sita ya kurudi nyumbani kila jioni.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kigoma, Mashujaa wakifungwa Jumamosi nawe Jumatatu ukakutana na mke wa kipa sokoni Mwanga, msalimie. Muulize watoto hawajambo. Kama unauza mawese, mpimie mawese yake, umwache aende.