Kimombo cha porini: Vidole vya bibie kula, vya maiti kaa mbali!

MSOMAJI wangu, najua wewe ni mtoto wa mjini na ung'eng'e unaupanda kama kawaida. Sinema unaangalia bila kutafsiriwa, na ukibana pua hata Mzungu anageuka. Sawa, nakupa tano. Lakini kuna kona moja ya lugha ya Malkia ambayo hata waliosoma sana wanakwama: majina ya mimea na uyoga. Huko ukitafsiri neno kwa neno ni kasheshe, na mara nyingine ni msiba.

Nianze na dada mmoja tuliyepanga naye nyumba moja. Alinunua mafungu mawili ya mnavu sokoni, akataka kujua kwa Kiingereza unaitwaje. Kamusi ya kwenye simu ikamjibu 'nightshade'. Kusoma chini kidogo, akakutana na 'deadly nightshade', mmea wenye sumu ya kuua. Bwana we! Mnavu wote pipani, na sisi wadoezi tuliokuwa tumeshanawa mikono tukaambulia ugali kwa chumvi.

Sasa sikiliza. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mnavu ni mboga yetu, bibi zetu wameula na wamezeeka nao. Majani unayachemsha vizuri, vitunda vyake vya kijani vibichi unaviacha. Huyo muuaji ni mmea mwingine kabisa wa huko Ulaya, una matunda meusi yanayong'aa kama shanga. Wote ni wa ukoo mmoja, ndiyo, lakini hata nyanya, bilinganya na viazi mviringo ni wa ukoo huo huo, na chipsi hukuacha.

Jina lake la kitaalamu ni Atropa belladonna, na 'belladonna' kwa Kiitaliano ni mwanamke mrembo. Zamani warembo wa Italia walikuwa wakidondoshea maji yake machoni ili mboni zipanuke, wakimtazama mwanaume alegee. Na macho yenyewe yakawa yanaona ukungu! (Nyie wa mkorogo msicheke, ndugu zenu hao.) Sumu hiyo hiyo, ikipimwa na daktari, ndiyo dawa ya atropini. Hospitalini inatumika kupanua mboni wakati wa kupima macho, na imeokoa watu wengi waliokunywa dawa za kuulia wadudu.

Waingereza kwa kupachika majina hawajambo. Mchicha wa shambani wanauita 'pigweed', yaani gugu la nguruwe. Halafu ndugu yake mmoja, mwenye maua mekundu yanayoning'inia kama mkia, wakambatiza 'love-lies-bleeding'. Mapenzi yamelala yanavuja damu! Kumbe ni mchicha tu. Bamia nayo inaitwa 'lady's fingers', vidole vya bibie, hiyo poa kabisa. Lakini ukisikia 'dead man's fingers', vidole vya maiti, hapo siyo mboga tena. Ni kuvu nyeusi inayochomoza kwenye magogo yaliyooza kama mtu anayejaribu kutoka kaburini. Hiyo haiendi mezani.

Tukifika kwenye uyoga, utani naupunguza. Kimombo kina 'mushroom' na kina 'toadstool', yaani kigoda cha chura. Wengi hudhani la kwanza ni uyoga wa kula na la pili ni wa sumu. Wataalamu hawana mpaka huo. Ni mazoea ya watu tu, na mazoea hayajui kutibu ini.

Mbaya wao anaitwa 'death cap', kofia ya kifo. Safari hii jina halidanganyi. Ana kofia ya kijani iliyopauka, chini yake mikunjo myeupe, na shina limekaa kwenye kifuko kama yai lililopasuka. Asili yake ni Ulaya, kwenye mizizi ya mialoni, lakini amesafiri na miche ya miti hadi Marekani na Australia. Ukimchemsha, ukimkausha, ukimgandisha, sumu iko pale pale. Na waliopona wanasema ni mtamu! Saa sita au zaidi zinapita bila dalili yoyote, kisha tumbo na matapishi. Halafu unapata nafuu, unadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza ini linaoza.

Kama ulifuatilia habari za Australia, unakumbuka kesi ya Erin Patterson. Julai 2023 aliwaalika ndugu wa mumewe waliyetengana chakula cha mchana, nyama iliyoviringishwa kwenye unga, na ndani kulikuwa na kofia ya kifo. Watu watatu walikufa, wa nne akapona kwa tabu. Mwaka 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji na kumfunga maisha.

Lakini wengi wanaokufa hawawekewi na mtu. Baadhi yao ni wageni. Huko Australia na Marekani, wahamiaji kutoka Asia wameshaula wakidhani ni ule uyoga wa kwenye majani ya mpunga wa kwao. Kwa hiyo wewe unayewaza kuzamia, ule utaalamu wako wa uyoga wa kichuguu uache hapa hapa nyumbani. Ulaya usichume kitu ukila.

Kuna 'ergot' pia. Neno limetoka kwa Wafaransa, maana yake kipi, ule mwiba wa mguuni kwa jogoo, kwa sababu kuvu hii huota kwenye masuke ya nafaka ikiwa nyeusi na imepinda hivyo. Enzi hizo Ulaya waliisaga na mkate wao. Miguu ikawaka moto na kukatika, wengine wakaona vioja. Kutokana nayo wakunga wamepata dawa ya kuzuia damu baada ya mama kujifungua. Na kutokana nayo Mswisi Albert Hofmann alitengeneza LSD mwaka 1938. Aprili 1943 akaionja kwa makusudi, akapanda baiskeli kurudi nyumbani, na barabara yote ikamchezea. Noma.

Namalizia na 'smut', maana barua za kuniuliza najua zitakuja. Ndiyo, kwa Kiingereza cha mtaani ni picha na maneno machafu, yale unayofunga mlango kwanza. Lakini kwa mkulima ni kuvu inayovimbisha punje za mahindi zikawa kama mapovu ya kijivu. Wengi wanachoma. Wamexico wanaiita huitlacoche, wanaikaanga na vitunguu, na mgahawani wanakuuzia kwa bei mbaya.