Chachu ya Kasiksi na Milango ya Sukari

Katika Kivu watu wengi wanajua kutengeneza kasiksi. Ndizi mbivu zinakamuliwa, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama, kisha yanaachwa. Siku chache zikipita, utamu umepungua na ukali umeingia. Sukari imeliwa na chachu. Lakini katekista mmoja alituuliza ulizo jema: chachu haina kinywa wala macho, basi inakulaje, na nani anaiambia kwamba sukari ipo?

Chachu ni ya jamaa ya uyoga, nayo ni seli moja tu, ndogo hata jicho haliioni. Imezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Glukozi, iliyo moja ya sukari za ndizi, hupenda maji na haiwezi kupenya mafuta. Kwa hiyo seli inaweka milango ya protini katika ngozi yake. Mlango hauvuti kwa nguvu: glukozi hupita yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Ikiisha kuingia, mara inafungiwa fosfati, isiweze kurudi nje.

Kila mlango una jeni yake. Jeni zote za chachu zilisomwa mwaka 1996, na jamaa hii ya milango ina jeni kama 20. Mbona nyingi hivyo? Kwa sababu mlango wa siku za shibe haufai siku za njaa. Ule uitwao HXT1 hufanya kazi vizuri sukari ikiwa tele. HXT2 hushika hata sukari kidogo.

Sasa tuje kwa wenye kutoa habari. Ni protini mbili, Snf3 na Rgt2. Kwa umbo ni ndugu za milango, lakini hazipitishi sukari hata kidogo! Snf3 husikia sukari chache, Rgt2 husikia nyingi, na kila moja ina mkia mrefu unaoingia ndani ya seli. Sukari isipokuwapo, protini Rgt1 hukaa juu ya jeni za milango pamoja na msaidizi wake Mth1, na jeni hazisomwi. Glukozi ikigusa mlinzi, Mth1 inaharibiwa, Rgt1 inaachilia, na milango mipya inatengenezwa.

Mtu atasema: labda ni sukari iliyokwisha kuingia ndiyo inayoamuru. Sivyo. Mwaka 1996 wataalamu walieleza juu ya chachu ambayo Rgt2 yake iligeuka mahali pamoja tu. Chachu hiyo ilifungua jeni za milango hata pasipo sukari yoyote. Basi alama inatoka kwa mlinzi aliye ngozini.

Wanafunzi wa filosofia watatuonya kwamba kusema chachu «inasikia» ni kusema kwa mfano tu. Ni kweli, haina akili. Lakini tusidharau utaratibu huu kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye kasiksi. Siku za kwanza, glukozi ikiwa tele, protini nyingine, Mig1, huingia katika kiini cha seli na kufunga jeni ya HXT2. Utamu ukipungua, Mig1 inatoka, na HXT2 inafunguliwa. Milango ya HXT1 iliyobaki inaondolewa ngozini, inavunjwavunjwa ndani ya seli.