Mto wa mawe unapowavutia watoto, mzazi tazama na juu

Kila msimu wa joto, familia nyingi katika Jimbo la Missouri, Marekani, huamka mapema kuwahi nafasi katika hifadhi ya Johnson's Shut-Ins. Anayechelewa anaweza kukuta maegesho yamejaa na lango limefungwa.

Kinachowavuta ni mto unaopita katikati ya miamba migumu ya volkano yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1. Maji, mchanga na kokoto vimeisugua miamba hiyo taratibu hadi vikachonga mifereji, mashimo na vidimbwi. Watoto huteleza humo na kuogelea kutwa nzima. Eneo hilo lilikabidhiwa kwa jimbo mwaka 1955 na Joseph Desloge, mkazi wa St. Louis.

Lakini mto huo una kumbukumbu nyingine. Alfajiri ya Desemba 14, 2005, bwawa la kuzalisha umeme lililo juu ya mlima jirani lilijazwa kupita kiasi, ukingo wake ukabomoka. Mabilioni ya lita za maji yalishuka kwa muda usiofika nusu saa, yakang'oa miti na kuisomba nyumba ya msimamizi wa hifadhi, yeye, mkewe na watoto wao watatu wakiwa ndani. Wote waliokolewa wakiwa hai.

Ulikuwa msimu wa baridi, hivyo kambi ya wageni ilikuwa tupu. Ingekuwa Julai, msiba ungekuwa mkubwa. Kambi mpya ilipofunguliwa mwaka 2010, ilikuwa imehamishiwa kwenye bonde jingine.

Hapo ndipo penye somo kwa mzazi. Hatari ya mto haianzii pale mtoto anapoogelea, bali huko juu usikokuona. Kwako jua linaweza kuwaka huku mvua ikinyesha milimani.

Kabla ya watoto kuvua nguo, waulize wenyeji kama kuna bwawa juu ya mto na kama mvua imenyesha huko. Chagua njia ya kukimbilia kwenye mwinuko na uwaonyeshe watoto. Maji yakigeuka tope, yakianza kuleta majani na vijiti, au mngurumo wake ukiongezeka, watoe watoto papo hapo. Vyombo na mkeka viacheni.

Wavishe maboya yanayowatosha na viatu visivyoteleza. Wakataze kuruka kichwa mbele, kwani jiwe linaweza kuwa karibu kuliko linavyoonekana.

Katika hifadhi hiyo hakuna waokoaji, na mito mingi ni hivyo hivyo. Basi watu wazima wapeane zamu: mmoja awaangalie watoto tu, simu ikiwa mfukoni, mpaka mwenzake ampokee.