Sauti na Picha Zifike Pamoja

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12, watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma kitabu. Kitabu kilisafiri kwa siku nyingi. Sauti ilifika mara moja. Hata hivyo viwili hivyo vilikutana katika somo moja, kwa sababu kitabu kilitangulizwa, masomo yalifuatana kwa mpango, na saa ya kipindi ilijulikana kwa wote.

Watunga programu za kompyuta hufuata kanuni iyo hiyo. Tuchukue mfano wa shule mbili za Wilaya ya Same: moja mjini, tambarare, na nyingine Mbaga, juu katika milima ya Upare. Mwalimu aliye Dar es Salaam anazifundisha kemia kwa pamoja. Tuseme sauti inafika Mbaga kwa waya, na picha kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, picha huchukua milisekunde 240. Viwango vya ITU vyaonyesha kuwa mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia kwa milisekunde 45 tu. Mtandao ukisongamana, tofauti hufikia sekunde kadhaa: mwanafunzi husikia "sasa asidi", naye bado anaona chupa ya maji. Kosa la namna hiyo laweza kuunguza mkono.

Tiba si kuzilazimisha njia ziwe na mwendo mmoja. Kwanza, kila kipande cha sauti na picha hupigwa muhuri wa saa kilipotoka. Pili, kompyuta inayopokea hukiweka akibani mpaka mwenzake afike. Tatu, saa za kompyuta zote husawazishwa; utaratibu wa kufanya hivyo mtandaoni ulichapishwa na David Mills wa Marekani mwaka 1985. Kipande kikichelewa kupita kiasi hutupwa, ili darasa lisingoje.

Lakini akiba ina gharama. Ikiwa kubwa mno, swali la mwanafunzi hujibiwa kwa kuchelewa. Mtunzi hodari hupima kati ya hayo mawili.

Zoezi: Picha hufika Same mjini baada ya milisekunde 50, na Mbaga baada ya 240. Kila shule ikiweke kipande akibani kwa muda gani, ili zote zikionyeshe milisekunde 300 baada ya kutumwa?