Je, Wajua? Weusi wa Bolti Si Kinga ya Kutu

Chukua bolti mbili nyeusi katika duka la vipuri. Moja ni chuma kilichochemshwa katika soda kali hadi uso wake ukageuka oksidi nyeusi, kisha kikapakwa mafuta. Ya pili imevishwa zinki kwa umeme, na zinki hiyo ndiyo iliyotiwa weusi. Kwa macho ni pacha. Mafuta yakishafutika, ya kwanza hushika kutu upesi. Ya pili hustahimili, kwa kuwa zinki hukubali kuliwa kabla ya chuma, hata penye mkwaruzo. Rangi, basi, ni shahidi dhaifu. Kinachokinga kimejificha chini yake, na mara nyingi ni tabaka la maikromita 5 hadi 12 tu, jembamba kuliko unywele.

Isitoshe, weusi wenyewe una gharama. Haupakwi kama rangi ya mlango: bolti huchovywa katika dawa yenye asidi inayokula zinki kidogo na kuacha utando. Zamani dawa hiyo ilikuwa na kromiamu yenye valensi sita, na mara nyingi weusi uliletwa na chembe za fedha, naam, ile ile ya mapambo. Kromiamu hiyo husababisha saratani, na Umoja wa Ulaya uliibana katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, kisha katika magari Julai 2007. Dawa za kromiamu yenye valensi tatu zilizoshika nafasi yake ni salama zaidi, ila utando wao mweusi kwa kawaida huhitaji kufunikwa kwa tabaka jingine la kuziba. Anayeiacha bolti ndani ya dawa muda mrefu ili iive weusi huenda akaipunguzia zinki.

Fundi atasema jicho zoefu linatosha. Linafaa, sikatai: huona mabaka na kingo zilizopauka, na kitambaa cheupe kikisuguliwa kikatoka cheusi, utando haukushika. Lakini jicho halipimi unene wa zinki. Hiyo ni kazi ya kipimo cha sumaku. Halafu kuna chumba cha ukungu wa chumvi cha kiwango cha ISO 9227: gramu 50 za chumvi kwa lita, nyuzi 35 za Selsiasi, saa zikihesabiwa. Unga mweupe ukitokea, utando umeshindwa. Kutu nyekundu ikitokea, zinki imekwisha. Hayo ni majibu mawili tofauti, na muuzaji hapaswi kuyachanganya.

Wapo wanaosema saa za chumbani si miaka ya Mombasa au Tanga. Ni kweli. Nje, bolti hulowa na kukauka, na zinki ikikauka hewani hujijengea ngozi ya kabonati, nafasi ambayo ukungu usiokoma hauitoi. Kipimo hicho hakitabiri umri, bali hukamata shehena mbovu kabla haijafungwa kwenye mashine, na hilo linatosha kukitetea. Kwa hiyo unaponunua, uliza maikromita za zinki na saa za kutu nyekundu, na uombe karatasi ya vipimo yenye namba ya shehena hiyo hiyo.