Je, Wajua? Mjamzito Anayetapika Sana Hadeki

Chanzo kikuu cha kutapika kupita kiasi katika mimba changa ni homoni iitwayo GDF15. Kondo la nyuma huitoa kwa wingi. Husafiri na damu hadi kwenye shina la ubongo, na huko ndiko kichefuchefu huwashwa. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha hivyo.

La kushangaza ni hili: wanaoteseka zaidi ni wale waliokuwa na homoni hiyo kidogo kabla ya kushika mimba. Miili yao haikuizoea. Wenye ugonjwa wa damu wa thalasemia, ambao huishi na GDF15 nyingi siku zote, ni nadra kusumbuliwa na kichefuchefu cha mimba.

Mmoja wa waliofanya utafiti huo, Marlena Fejzo wa Marekani, aliugua kutapika huku kupita kiasi mwaka 1999, akapoteza mimba. Basi mgonjwa asiambiwe anajiendekeza!

Tangawizi hutuliza kichefuchefu chepesi tu. Mama asiyebakiza hata maji tumboni, aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake, au ambaye mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, apelekwe hospitali leo hii. Zipo dawa za kuzuia kutapika wanazopewa wajawazito, na maji ya dripu. Akiwa ametapika kwa wiki kadhaa, vitamini B1 hutangulia dripu ya glukosi. Sukari ikiingia kabla ya vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika.