Taa za Ukungu: Glopu Twaibadilisha Wenyewe

Jamaa zetu wasafirio kutoka pwani kwenda bara huukuta ukungu mzito Limuru. Hapo taa kali hazifai, kwani mwanga wake humrudia dereva machoni. Taa za ukungu, zilizofungwa chini kwenye bampa, humulika barabara.

Glopu ikiungua, tuzime gari, tungoje taa ipoe, tufungue plastiki iliyo ndani ya madigadi, tuchomoe plagi, kisha tuizungushe glopu kinyume na mishale ya saa. Mpya iwe ya namba ileile, mathalani H11 ya wati 55. Kioo chake tusikiguse kwa vidole: mafuta ya ngozi huweza kukipasua kipatapo moto. Kikiguswa, tukipanguse kwa spiriti. Wala tusiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

Akina mama, kazi hii haitaki nguvu, yataka utulivu.